Fonti za roketi ziachieni jina; namba na habari ziandikwe wazi

Mhariri,

Salaam nyingi kwako na kwa wasomaji wote. Najua ukurasa huu wa barua watu huleta mambo mazito, maji hayatoki, taka hazizolewi, feri imechelewa, na wana haki yao. Langu mimi ni la herufi. Kazi yangu ni kukata stika na kuandika vibao hapa Mombasa, tuktuk, matatu, vinyozi, maduka ya simu, zote zapita mkononi mwangu, na kuna aina moja ya fonti, yani mtindo wa herufi, sasa imeenea mji mzima mpaka naona lazima mtu aseme kitu kabla hatujaanza kuandikia nayo mawe ya makaburi.

Unazijua hata kama hujui jina lake. Ni zile herufi pana, za mraba mraba, kona zimekunjwa kidogo, O imekuwa boksi, A haina kijiti cha katikati yani ni V iliyopinduliwa tu, E ni mistari mitatu inaelea haina mgongo, S imenyooshwa mpaka huitofautishi na 5. Kastoma akija hasemi anataka fonti gani, anasema nifanyie ile ya roketi. Mwengine anakutolea picha kwa simu, ya gari la umeme ama ya gemu, anakwambia nataka hivi hivi lakini uandike jina la mamangu. Basi nami ntaziita fonti za roketi.

Wala sizichukii, zinanilisha. Tuktuk nyeusi ikiandikwa jina kwenye kioo cha nyuma kwa herufi hizi, stika ya rangi ya fedha, ikakupita Buxton usiku na taa za gari la nyuma zaipiga, wallahi inapendeza. Zafaa jina la dijei kwenye posta, zafaa gym, zafaa mahali pa kuchezea gemu, duka la kutengeneza simu, jezi za timu za mtaani, boti za mwendo kasi. Ni herufi ambazo mtu huziangalia kwanza ndio azisome. Unene wake ni mmoja kila upande, hakuna alama ya kalamu wala brashi, huoni mkono wa mtu, zaonekana zimetoka mashineni, na kijana akiona kitu kimetoka mashineni moyo wake unamwambia hiki kipya.

Lakini upya wenyewe umezeeka. Vijana wengi wadhani fonti hizi zimekuja na simu, kumbe babu zao walizikuta. Mjerumani mmoja Paul Renner alitoa Futura mwaka 1927 kupitia kiwanda cha herufi cha Bauer pale Frankfurt, herufi zimejengwa kwa duara, pembetatu na mstari, na mwaka 1969 Wamarekani walipotua mwezini na Apollo 11 wakaacha kibao cha chuma kwenye mguu wa chombo chao, maandishi yake ni Futura, herufi kubwa tupu. Kibao kiko huko mpaka leo, hakuna kanjo wa kukuja kukitoa.

Hizi za mraba zenyewe ndio za Mtaliano, Aldo Novarese, wa kiwanda cha Nebiolo mjini Turin. Yeye na mwenzake Alessandro Butti walitoa Microgramma mwaka 1952, herufi kubwa peke yake, alafu 1962 Novarese akaitengenezea na herufi ndogo ikawa Eurostile. Itazame O yake, si duara wala si mraba, ni mraba uliovimba, umbo la skrini za televisheni za wakati ule. Watu wa filamu za anga wakaipenda, wakaibandika kwenye milango na mitambo ya vyombo vyao, na tangu hapo ukiona herufi za namna hii akili yako inaenda kwa roketi moja kwa moja. Na A isiyo na kijiti? Mwaka 1975 NASA, shirika la anga la Marekani, walichorewa nembo mpya na kampuni ya Danne & Blackburn, herufi nne nene zimepindwa kwa unene mmoja mwanzo mpaka mwisho, A zote mbili hazina kijiti, watu wakaibandika jina la mnyoo. 1992 wakaiweka kabatini, 2020 wakaitoa tena wakaipaka kwenye roketi.

Kuna na zile zenye uvimbe sehemu moja moja, ukiwa na kitabu cha cheki angalia namba za chini kabisa. Hazikuchorwa zipendeze. Zilibuniwa Marekani miaka ya 1950 ili mashine isome wino wenye sumaku, kila namba imewekewa uzito mahali pake ili mashine isichanganye hii na ile. Wachoraji wakaziona, wakatunga A mpaka Z za mtindo huo, na ikawa ndio sura ya kompyuta kwenye mabango ya miaka ya 1960 na 1970, ilhali mashine yenyewe ilikuwa haitaki hata hizo A mpaka Z.

Na sisi watu wa pwani tusishangae sana herufi za mistari na kona. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya Kikufi, ule mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yani 1107. Na kuna Kikufi cha mraba, chote ni mistari iliyonyooka na kona kamili, hakuna hata mpindo mmoja, huko Iran na Asia ya Kati mafundi walikipanga kwa matofali ukuta mzima wa msikiti. Ukisimama mbele yake hujui uanzie wapi kusoma. Lakini mafundi wale walijua wanachofanya, waliandika jina la Mwenyezi Mungu na la Mtume na maneno ambayo kila anayepita pale ameyahifadhi tangu madrasa. Hawakuandikia bei ya tende.

Hapo ndipo penye neno langu, mhariri. Fonti ya roketi iandikiwe jina, kitu ambacho mtu akikosa kukisoma leo atakisoma kesho na hakuna hasara. Lakini kitu ambacho mtu anakisoma mara ya kwanza, tena anakitegemea, namba ya simu, bei, njia ya gari, saa ya kufungua, dozi, mlango wa kutokea, hicho kiandikwe kwa herufi za kawaida zisizo na maringo. Sasa hivi Mombasa tunaandika vyote kwa roketi manake fonti ikishapakuliwa ni bure na dizaina ana haraka.

Tena kuna jambo ambalo kwa Waingereza si shida sana, kwetu ni shida. Fonti hizi wenyewe walizichora wakizijaribu kwa maneno yao. Ukienda kupakua utaona picha ya mfano imejaa X na Q na Z, kwa sababu hapo ndipo mchoraji amejionyesha, X imekatwa katikati, Q ina mkia umetokea upande usioutarajia. Sasa sisi Kiswahili chetu hakina Q wala X. Kile kilichokufanya uipende fonti hutakitumia hata mara moja. Utakachotumia ni A, alafu A, alafu A tena. Andika MAHAKAMA, herufi nane, nne ni A. MADARAKA hivyo hivyo. A isiyo na kijiti ikiwa moja kwenye neno inaleta utamu, zikiwa nne neno zima limekuwa meno ya msumeno. Andika MAMA NA WATOTO, M inapanda inashuka, A inapanda inashuka, N nayo, W ndio usiseme, mzee mwenye miwani atabaki kuzifuata kwa kidole. Na hata ukiipata fonti yenye A yenye kijiti, zile nyengine za mraba A yake ni boksi limefunguliwa chini, ina tofauti ndogo sana na R na H, kwa hivyo HARAKA inakuwa mageti sita yamepangwa.

Njoo kwa nafasi kati ya herufi, hapa dizaina wenzangu watanielewa. W ikikaa na A, Y na A, T na A, V na A, miteremko yao inaacha pengo, lazima usogeze moja iingie chini ya mwenzake kidogo ndio jicho litulie. Fonti iliyotengenezwa na mtu mwenye subira imekuja na hesabu hizo ndani, amekaa akapima jozi moja moja. Fonti ya bure ya haraka haraka haina, kila herufi imekaa kwenye kiti chake na haimjui jirani. Kwa Kiingereza waweza kuandika bango zima usikutane na WA hata moja. Kwa Kiswahili bila WA na YA na TA hujasema kitu, KWA, WATU, YA JANA, TAYARI, VYAKULA VYA BAHARI. Kuna hoteli moja njia ya kwenda Mtwapa, chakula chake kitamu sitaki kuwaharibia, kibao kimeandikwa CHAKULA TAYARI kwa fonti ya roketi na ile TAYARI imepasuka ikawa T AYARI, nikamsikia mgeni akiuliza huyu T. Ayari ndio mwenye hoteli?

Ng' nayo ina mambo yake. Fonti nyingi za bure zimekuja pungufu, herufi kubwa ziko, namba ziko, lakini ile alama ya juu haipo, ukibonyeza inatokea boksi tupu. Dizaina anafanya nini? Anaiacha. Ndio maana unaona NYAMA YA NGOMBE mji mzima, si kwamba watu hawajui kuandika, fonti ndio haijui.

Tena ni pana. Kiswahili maneno yake ni marefu, YANAYOPATIKANA ni herufi 14, na nafasi ya juu ya kioo cha tuktuk unaijua ilivyo. Sasa mtu anafanya nini, anashika neno kwenye kompyuta analibana kwa upande mpaka liingie. Ukilibana hivyo miguu iliyosimama inakonda, mistari iliyolala inabaki na unene wake, herufi inaonekana imekanyagwa. Uzuri wote wa fonti hizi ni ule unene mmoja kila upande, ukishauvunja huna kitu. Afadhali utumie fonti nyembamba tangu mwanzo ama upunguze maneno, na kupunguza maneno ndio dawa ambayo kastoma hataki kuisikia kabisa, anataka simu, vinyozi, M-Pesa, fotokopi na salaam kwa shangazi, zote kwenye kibao kimoja.

Hata huo unene mmoja nao una ujanja wake. Ukichukua rula ukachora H na O ya duara urefu sawasawa, jicho litaiona O ni fupi, kwa hivyo wachoraji wazuri huipitisha kidogo juu na chini ya mstari. Mstari uliolala na uliosimama ukiupima sawa, uliolala utaonekana mnene, kwa hivyo wanaupunguza. Renner watu wamsifu kwa duara kamili lakini ukizipima herufi za Futura utakuta amekondesha hapa ameongeza pale, duara ni la macho si la bikari. Alikuwa na herufi nyengine za ajabu mwanzoni, r yake ilikuwa kijiti na nukta pembeni, baadaye zikaachwa. Na Mholanzi Wim Crouwel mwaka 1967 alitunga alfabeti mpya kwa ajili ya skrini za kompyuta za wakati ule, mistari iliyosimama na iliyolala tu na kona zimekatwa, nyengine huwezi kujua ni herufi gani bila kuambiwa, na mwenyewe alisema hakukusudia watu waitumie kweli. Angekuja Mombasa angekuta kuna dizaina ameiandikia duka la dawa.

Sasa namba. Hapa ndipo nakasirika. Kwenye fonti ya roketi 0, 8, 6 na 9 zote ni boksi moja, tofauti ni kajistari kamoja ndani. 5 ni S, 2 ni Z, 1 ni I, 0 ni O. Watu wa namba za magari walishaliona hili, hujawahi kuona KDI wala KDO barabarani, baada ya KDH ikaja KDJ, baada ya KDN ikaja KDP, I na O waliziruka makusudi ili zisichanganywe na 1 na 0. Serikali na karani zake wote wameogopa herufi mbili, lakini mama mboga ameandikiwa till namba ya M-Pesa kwa fonti ambayo 8 na 0 hata mimi niliyeikata stika lazima nisogee karibu. Pesa ikienda kwa till ya mtu mwengine utamwambia nini, kwamba fonti ilikuwa inapendeza?

Na sisi Mombasa tuna mfano mzuri sana wa kujifunza, uko bandarini, kila siku unapita juu ya malori barabara ya Jomvu na Miritini. Angalia kontena. Ubavuni kampuni ya meli imeandika jina lake kubwa, herufi za mtindo inaoutaka, nyengine za roketi kabisa, rangi inang'aa. Lakini pale kona ya juu ya mlango kuna herufi nne na namba saba, nyeupe ama nyeusi, herufi za kawaida kabisa hazina hata kona moja ya kujionyesha. Hiyo ndio kanuni ya dunia nzima, urefu wa herufi hizo usipungue milimita 100, na namba ya mwisho kabisa inatokana na hesabu ya zile kumi za mbele, karani akikosea moja hesabu inagoma. Kampuni zenye meli za mabilioni zimekubali, jina tujipambe, namba isomeke na mtu amesimama chini kwenye mvua. Sasa kibanda cha chipsi Kongowea kina nini cha kuwashinda.

Ukitaka mfano wa nyumbani zaidi nenda Biashara Street kaangalie kanga. Mali ya Abdulla wa Kaderdina Hajee Essak wako hapo Mombasa tangu 1887, na wamepitia yote, maneno ya kanga zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu alafu zikaja za Kirumi. Tazama lile jina la kanga lilivyoandikwa. Pindo linachezewa utakavyo, mji wa kanga umejaa korosho, maua, mawimbi, jometri ya kila aina, lakini maneno ni herufi kubwa nene zilizonyooka ndani ya boksi lake. Kwa nini? Kwa sababu maneno ya kanga yanasomwa na mtu wa nyuma yako, unatembea, kitambaa kimekunjika, na aliyelengwa lazima ayapate. Wangeyaandika kwa fonti ya roketi nusu ya ugomvi wa mitaa yetu ungekuwa haujafika kwa wenyewe.

Nirudi kidogo kwa upande wa kazi ili nisionekane nazionea. Kwa fundi wa stika fonti hizi zina raha yake. Mistari iliyonyooka plota, ile mashine ya kukata stika, inaikata upesi, na kona iliyokunjwa inashika kuliko kona kali, kona kali ndio ya kwanza kuinuka jua likipiga na chumvi ya bahari ikiingia chini yake, sisi wa pwani twajua. Kwa rangi ya kupuliza kwa karatasi iliyotobolewa ndio nzuri zaidi, maana O ya kawaida ukiitoboa katikati inadondoka, lazima uiachie daraja, lakini hizi fonti zenye mianya tayari zimeshakatika zenyewe, A bila kijiti haina tundu la kudondoka. Alama za magunia, maboksi ya spika, makreti, hapo roketi haina mpinzani. Kwa hivyo mtu asinielewe kwamba nataka zipigwe marufuku, tushapigwa marufuku vya kutosha, michoro ya matatu tuliipigania.

Na kwa kuwa nimetaja matatu. Tangu 2004 kila matatu ina ile laini ya manjano na njia imeandikwa hapo. Laini imebaki lakini mpaka leo napata mwenye gari anataka Likoni, Ukunda ama Kiembeni niiandike kwa roketi kwa herufi kubwa tupu ndani ya laini. Mimi humwambia abiria amesimama jua machoni, gari halijasimama vizuri, makanga anapiga mdomo, msaidie. Kuna wachoraji wawili wa Uingereza, Jock Kinneir na Margaret Calvert, walipewa kazi ya alama za barabara kuu za kwao mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaamua majina ya miji yasiandikwe kwa herufi kubwa tupu, ianze kubwa zifuate ndogo, kwa sababu neno likiwa na herufi zinazopanda na kushuka linapata umbo, jicho linalitambua kabla halijasoma. Likoni ina L na k zimechomoza, Ukunda ina U, k na d, ukiwa mbali unazitofautisha. LIKONI na UKUNDA kwa roketi ni maboksi sita kwa maboksi sita. Na sisi wa vibao tuna kipimo cha kienyeji, inchi moja ya urefu wa herufi kwa kila futi kumi za umbali, lakini hicho ni cha herufi za kawaida, za roketi ongeza ama usogee.

Kuna kliniki moja, sitaitaja wala mtaa wake, imeandika saa za kufungua na namba ya dharura kwa fonti hizi, stika ya kijivu juu ya kioo cheusi. Ni maridadi. Usiku huoni kitu. Nilimwambia karani akasema bosi aliipenda kwenye kompyuta, na hapo ndipo tatizo lilipo, kila kitu kinapitishwa kwenye skrini yenye mwanga wake, inchi chache kutoka usoni, na mtu aliyeiandika mwenyewe kwa hivyo ashajua imeandikwa nini. Mpe mtu mwengine asiyejua, mweke ng'ambo ya barabara.

Hata nyinyi gazetini, mhariri, usidhani mmepona. Ukurasa wa matangazo unaletewa tangazo limekuja tayari, maelezo yote chini kwa roketi, saizi ndogo, na karatasi ya gazeti inanyonya wino, wino unatanuka, ile mianya myembamba ya ndani ya herufi inaziba. E imekuwa tofali, A imekuwa tofali. Mlipaji amelipa na msomaji hajapata hata namba ya kupiga. Naomba watu wenu wa matangazo wawe wanarudisha, waseme jina liacheni hivyo, chini tubadilishieni.

Kwa dizaina wenzangu, kabla hujamkubalia kastoma fonti yoyote ya roketi mwandikie kwanza maneno haya matatu umwonyeshe: TAYARI, MWANAMKE, NG'AMBO. Alafu umwandikie 0, 8, 6, 9, 5, S mfululizo. Ikipita itie kwenye gari. Nyingi hazipiti.

Na kwa vijana wetu wanaosoma mambo ya kompyuta, pale Technical University of Mombasa na kwengineko, kuna kazi imelala. Fonti kama Orbitron, aliyoichora Matt McInerney akaitoa 2009, ni ya roketi kweli kweli na leseni yake iko wazi, unaruhusiwa kuifungua, kuibadilisha na kuitoa tena bora ufuate masharti na usiiuze peke yake. Programu ya kufanyia, FontForge, nayo ni bure. Mtu akae aitengeneze upya kwa ajili ya Kiswahili, A aifanye isomeke wazi, WA na YA na VYA azipimie nafasi yake sawasawa, namba azitofautishe, alama ya ng' aichore vizuri ifanane na wenzake, na aifanye nyembamba kidogo YANAYOPATIKANA iingie kwenye tuktuk. Q na X asihangaike nazo. Akimaliza aniletee dukani, stika za majaribio na plota ziko, siku ya kwanza namkatia bure.

Mchora vibao,
Kisauni, Mombasa